Sura ya Tano: Ghorofa Nane kwa Kodi ya Ploti Moja

Februari 2025 malori ya Kaunti ya Nairobi yalifika Stima Plaza, makao makuu ya Kenya Power, yakamwaga taka mlangoni. Kenya Power ilikuwa imekata umeme katika ofisi za kaunti kwa deni la karibu shilingi bilioni 3. Kaunti nayo ilisema inaidai Kenya Power karibu bilioni 5, ada ya nguzo na nyaya zinazopita katika ardhi yake. Wapita njia walipiga picha huku wameziba pua. Taasisi mbili za umma zilikuwa zinadaiana mabilioni, na namna ya kudaiana ikawa giza upande huu na uvundo upande ule.

Mtu wa Dandora hakuhitaji kuambiwa malori hayo yana harufu gani. Jalala la Dandora limepokea taka za jiji zima tangu miaka ya 1970. Mwaka 2001 likatangazwa kuwa limejaa, na malori hayajaacha kuja hadi leo. Kilichotokea Stima Plaza ni kwamba, kwa siku moja, mzigo ulishushwa kwingine.

Nyuma ya kioja hicho kuna hesabu ambayo wakazi wengi wa Eastlands, mitaa ya mashariki mwa jiji kama Umoja, Kayole, Maringo na Pipeline, hawajawahi kuonyeshwa ikiwa imekamilika. Husikia bajeti inasomwa, husikia mwakilishi wadi akiahidi barabara, kisha husikia kwamba hakuna pesa. Hoja yangu ni hii: kaunti ambayo Katiba imeifungia mlango wa mikopo hukopa kila siku kupitia dirishani, kutoka kwa watu ambao hawakuulizwa kama wangependa kukopesha. Na hufanya hivyo huku imekalia kodi ambayo ingeweza kuikimu, ila imeshindwa kuitoza sawasawa.

Tuanze na bajeti yenyewe. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Bajeti ya Nairobi ya 2024/25 ilikuwa takriban shilingi bilioni 43. Karibu bilioni 20 zilitarajiwa kutoka serikali ya kitaifa, mgao ambao Katiba ya 2010 inazipa kaunti zote 47. Sehemu kubwa ya zilizobaki ilitakiwa kutoka kwa wakazi wa jiji wenyewe: kodi ya ardhi ambayo wengi wetu huiita reti, ada za maegesho, leseni za biashara, vibali vya ujenzi, mabango, ushuru wa masoko kama Gikomba na Burma, malipo ya hospitali, na kodi ya nyumba za kaunti zilizoko Jericho, Bahati, Kaloleni na mitaa mingine ya zamani. Lengo la mapato hayo ya ndani lilikaribia bilioni 20. Zilizopatikana zilikuwa zaidi ya 13, na City Hall, makao ya serikali ya kaunti, ikatangaza kwa fahari kwamba hicho ni kiwango cha juu kuliko vyote tangu ugatuzi uanze mwaka 2013.

Fahari hiyo si ya uongo. Lakini ukishika kitabu cha bajeti, fanya kwanza kazi ya kutoa: ondoa hizo bilioni 6 au 7 ambazo zilikuwapo kwenye karatasi tu. Lengo la mapato hupandishwa makusudi ili ahadi zote zitoshee. Kisheria matumizi lazima yalingane na mapato, na njia nyepesi ya kuyalinganisha ni kuandika kwamba mwaka huu watu watalipa zaidi kuliko walivyolipa mwaka jana. Kila wadi, nazo ni 85, hupata mstari wake wa barabara, taa au zahanati. Julai kila mtu ameridhika. Kufikia Februari pesa hazijaingia, na mtu mmoja ofisini huamua nani alipwe na nani asubiri.

Mishahara haisubiri, kwa sababu wafanyakazi wana chama na wanaweza kugoma. Mawakili nao hawana subira, maana wanaijua njia ya mahakamani. Kinachosubiri ni maendeleo. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo. Ripoti za Mdhibiti wa Bajeti zimeonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba Nairobi haifiki hapo, wala haikaribii. Ndiyo maana barabara moja ya mtaa inaweza kuonekana katika bajeti tatu mfululizo bila kuona greda. Mara nyingi hakuna mtu aliyekula pesa za barabara hiyo, kwa kuwa hazikuwahi kuwapo. (Zipo barabara ambazo pesa zake ziliwahi kuwapo. Hizo ni kazi ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu.)

Sasa twende kwenye ardhi, kwa sababu humo ndimo utajiri wa Nairobi ulimo.

Tangu enzi za ukoloni Nairobi imetoza kodi ya kiwanja, si ya jengo. Mthamini huuliza: ardhi hii, kama isingekuwa na chochote juu yake, ingeuzwa kwa kiasi gani? Sababu yake si mbaya. Ukimtoza mtu kwa kujenga, ataogopa kujenga. Ukimtoza kwa ardhi tupu, hataikalia akingoja bei ipande. Wanauchumi wengi husifu kodi ya namna hii, nami sina ugomvi nao. Ila wao hufikiria jiji ambalo thamani ya ardhi husahihishwa kila baada ya miaka michache. Sheria ya zamani ya Kenya ilitaka uthamini mpya walau kila miaka 10. Nairobi ilitumia orodha ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 hadi mpya ya mwaka 2019 ilipoanza kutumika, karibu miaka 40 baadaye.

Katika kipindi hicho bei ya ardhi iliongezeka mara nyingi sana, lakini daftari lilibaki pale pale. Baraza la jiji, na baadaye kaunti, likafanya lililowezekana bila kuwaudhi wenye ardhi kwa uthamini mpya: likapandisha asilimia, hadi ikafika 34. Asilimia 34 ya thamani ya ardhi kwa mwaka inasikika kama unyang'anyi, mpaka ukumbuke ni thamani ya enzi zile. Kiwanja kilichoandikwa shilingi 20,000 kililipiwa 6,800. Orodha mpya ilipoanza, kiwango kilishuka hadi asilimia 0.115 ya thamani ya sasa. Kiwanja cha milioni 5 hulipiwa 5,750.

Bei ya zamani haikuwa kasoro pekee ya daftari: viwanja vingi havikuonekana humo kabisa. Fikiria Embakasi ya mwaka 1982. Sehemu kubwa ilikuwa mashamba na mbuga, ng'ombe wakilisha mahali ambapo leo kuna vituo vya matatu. Kampuni za kununua ardhi zikagawa ploti kwa wanachama, watu wakapewa cheti cha hisa au barua ya ugawaji, wakajenga bila hati miliki. Kiwanja kisicho na hati yake ni vigumu kukifungulia akaunti ya reti. Nyumba zikaota, wapangaji wakahamia, maji taka yakatafuta njia, na daftari la City Hall likaendelea kuona shamba moja. Kaunti yenyewe imekuwa ikisema kwamba katika viwanja vyake zaidi ya 250,000 ni takriban kimoja kati ya vitano kinacholipiwa.

Mzigo ukaangukia wanaoonekana. Mwenye nyumba wa Buruburu, mtaa uliojengwa miaka ya 1970 na kuuzwa kwa watumishi wa serikali na walimu, ana hati, ana namba ya ploti, na bili humfika. Akichelewa kupita Machi huanza kuhesabiwa riba ya asilimia 3 kila mwezi, riba ambayo mkopeshaji wa mtaani angeitambua. Kisha, baada ya miaka kadhaa, gavana hutangaza msamaha wa riba kwa watakaolipa kabla ya tarehe fulani. Foleni huwa ndefu na mapato hupanda kwa mwezi huo. Aliyelipa kwa wakati miaka yote hiyo hapati hata asante. Nadhani hakuna kilichowafundisha watu wa Nairobi kutolipa reti zaidi ya misamaha hiyo.

Sasa fanya hesabu ya jengo moja. Chukua ploti ndogo ya Pipeline ambayo ardhi yake tuseme ina thamani ya shilingi milioni 4. Juu yake kuna ghorofa nane, kila ghorofa vyumba vinane, jumla vyumba 64. Kila chumba kinapangishwa kwa 6,000 kwa mwezi. Mwenye jengo hukusanya 384,000 kila mwezi, sawa na 4,608,000 kwa mwaka. Reti ya asilimia 0.115 ni shilingi 4,600. Kodi ya chumba kimoja kwa mwezi mmoja inailipa reti ya jengo zima kwa mwaka mzima, na chenji inabaki.

Kama mwenye jengo huyo ni mwaminifu, hulipa kodi nyingine: kodi ya mapato ya upangishaji, asilimia 7.5 ya kodi yote anayokusanya, kiwango kilichoanza Januari 2024 baada ya kushushwa kutoka 10. Kwa jengo letu hiyo ni shilingi 345,600. Pesa hizo huenda kwa Mamlaka ya Mapato, yaani serikali ya kitaifa. Wapangaji wa vyumba 64 huoga na kupika, watoto wao wanahitaji zahanati na chekechea, taka zao zinahitaji lori, na njia wanayopita usiku inahitaji taa. Zahanati, chekechea, lori la taka na taa za mtaa ni jukumu la kaunti, ambayo imepokea 4,600.

Haikulazimika kuwa hivi. Sheria ya zamani ya reti iliruhusu kutoza kiwanja pamoja na kilichojengwa juu yake. Nairobi ilichagua kiwanja peke yake. Chaguo hilo lilifanywa na madiwani wa jiji la nyumba za bustani, ambako majengo ya makazi ya ghorofa nane hayakuwapo akilini mwa mtu. Marie Huchzermeyer aliandika kitabu mwaka 2011 kinacholinganisha majengo ya kupangisha ya Nairobi na yale ya Berlin ya zamani. Ulinganisho huo unafaa hata kwa kodi, kwa maana msongamano ule unazalisha pesa nyingi na kuhitaji huduma nyingi, na swali ni kama hivyo viwili vitakutana kwenye daftari moja. Sheria mpya ya Kitaifa ya Reti, iliyotiwa saini Desemba 2024, inataka orodha ya uthamini ihuishwe kila miaka 5. Hilo ni jema. Lakini kuthamini ardhi upya kila miaka mitano hakutahesabu ghorofa hata moja.

Hata hivyo Eastlands haijawahi kugharimiwa kwa njia ya kawaida. Wakati wa ukoloni, waliolipa reti ni wenye ardhi, Wazungu na Wahindi, na huduma zilifuata mifuko yao. Mwafrika wa Pumwani hakuruhusiwa kumiliki ardhi ya jiji. Manispaa ikachukua peke yake haki ya kupika na kuuza pombe kwa Waafrika, na faida ya kilabu cha pombe ikawekwa kwenye mfuko maalum wa kugharimia maendeleo yao. Mtu alikunywa Jumamosi ili mtaa wake upate ukumbi. Baada ya uhuru baraza la jiji lilipata nguvu kutoka kwa kodi ya kichwa iliyopangwa kwa viwango vya mapato, lakini mapema miaka ya 1970 serikali kuu iliiondoa kodi hiyo bila kuweka kitu cha kulingana nayo. Mwaka 1983 serikali ililivunja baraza na kuweka tume, iliyoendesha jiji hadi 1992. Mgao wa kisheria kutoka serikali kuu haukuja hadi mwishoni mwa miaka ya 1990. Ukitaka kujua kwa nini mabomba ya Maringo yamechoka, anzia kwenye pengo hilo la miaka 25.

Na deni je? Kuna mtaa ambao ni mtoto wa deni, nao ni Dandora. Mwaka 1975 Benki ya Dunia iliikopesha Kenya pesa za kupima na kuandaa ploti 6,000. Kila ploti ilipewa choo na bafu vilivyounganishwa na maji na mtaro wa maji taka. Vyumba mwenyewe alijijengea. Mlolongo wa kulipa ulikuwa hivi: mwenye ploti analipa baraza kidogo kidogo kila mwezi, baraza linalipa serikali, serikali inalipa Benki. Wengi walijenga vyumba vya ziada, wakapangisha, na kodi ya mpangaji ikalipa deni la mwenye ploti. Malalamiko hayakukosekana, ya ugawaji na ya ucheleweshaji. Lakini mkopo ule ulikuwa na tarehe, riba iliyojulikana, na kitu kilichobaki ardhini baada ya karatasi kuisha. Jirani yake, Umoja, nao ulijengwa katika miaka hiyo hiyo kwa mkopo uliodhaminiwa na Marekani, karibu nyumba 3,000.

Mwaka huo huo wa 1975 jiji la New York lilikaribia kufilisika. Tatizo lake halikuwa mikopo ya madaraja na shule. Lilikuwa limezoea kukopa kwa muda mfupi ili kulipa gharama za kila siku, kisha kukopa tena ili kulipa mkopo wa kwanza, mpaka benki zikakataa. Jimbo likaweka bodi ya kusimamia matumizi ya jiji.

Nairobi haiwezi kufanya kosa hilo kwa njia ya New York. Kifungu cha 212 cha Katiba kinasema kaunti itakopa tu ikiwa serikali ya kitaifa imedhamini na bunge la kaunti limekubali. Dhamana hiyo ni ngumu kuipata. Dakar, mji mkuu wa Senegal, ulijaribu mwaka 2015 kuuza hati fungani zake kwa wawekezaji, na serikali kuu ikazuia mpango dakika za mwisho. Serikali kuu hazipendi jiji lenye mfuko wake.

Basi Nairobi hukopa hivi. Mfanyabiashara mdogo wa Jogoo Road anashinda zabuni ya kupeleka chakula au shuka hospitalini. Anapewa LPO, hati rasmi ya kaunti ya kuagiza bidhaa. Kwa kuwa hana mtaji, anaipeleka LPO hiyo kwenye Sacco au benki, anakopa, pengine anaweka kitabu cha gari rehani. Anapeleka mzigo, unapokelewa, unatiwa saini. Ankara inaingizwa kwenye mfumo wa malipo wa serikali. Kisha anaanza kupanda ngazi za City Hall. Leo aliyeshika faili yuko semina. Kesho mgao wa kitaifa haujaingia. Mwisho wa Juni mwaka wa fedha unafungwa, ankara inavuka, na mwaka mpya una bajeti yake ambayo tayari imejaa. Benki yake haijali mwaka wa fedha, riba inatembea. Gari lake likipigwa mnada, atakuwa ameikopesha serikali ya jiji kubwa bila mkataba wa mkopo, na riba ameilipa yeye mkopeshaji.

Mjumlishe huyo na maelfu wengine: wakandarasi, mawakili, mifuko ya pensheni ambayo michango ya wafanyakazi haikufikishwa, Kenya Power, na madeni yaliyorithiwa kutoka baraza la zamani. Kufikia katikati ya 2025, bili za Nairobi ambazo hazijalipwa zilipita shilingi bilioni 80. Hiyo ni karibu nusu ya bili zote kama hizo katika kaunti 47 za Kenya, na ni karibu bajeti mbili za mwaka mzima za Nairobi yenyewe. Tawala zilizofuatana zimeunda kamati za kuhakiki bili hizo, kwa sababu ni kweli nyingine ni hewa: huduma ambayo hakuna aliyeiona, ada ya wakili iliyovimba. Uhakiki ni lazima. Lakini kila kamati mpya huanza upya, na mwenye bili halali hungoja pamoja na mwenye bili hewa.

Gharama haiishii kwa wafanyabiashara peke yao. Anayejua atalipwa baada ya miaka mitatu hupandisha bei leo, na anayeshindwa kungoja huacha kuomba zabuni, kwa hiyo wanaobaki ni wale wenye mtaji mkubwa au wenye jamaa ndani. Kaunti inanunua shuka kwa bei ya mtu anayetarajia kudhulumiwa. Riba ya mkopo usioandikwa imo ndani ya bei hiyo, na hakuna safu ya bajeti inayoionyesha.

Kwa hiyo nikisikia wachumi wa kaunti wakizungumzia hati fungani, sitishiki kama wengine. Deni lenye tarehe na riba iliyoandikwa, linalochimba mtaro wa maji taka Kayole na kulipwa kwa reti ya majengo ya Kayole, lingekuwa afadhali kuliko hili tulilonalo. Sharti ni moja tu, nalo ni gumu: lazima kwanza pawe na reti ya kulilipa. Hakuna mwekezaji atakayeikopesha kaunti kwa rehani ya daftari linaloona shamba mahali penye ghorofa nane.

Mitaa ya zamani inapobomolewa na kujengwa upya, swali hili litakuwa na sura mpya. Bahati, Maringo na Jericho zimo katika mpango wa kaunti wa nyumba mpya. Leo kaunti ndiyo mwenye nyumba huko, na hukusanya kodi ndogo kutoka kwa wapangaji, ambao wengine wamepangisha wengine kwa bei ya soko na kubaki na tofauti. Kesho patakuwa na wamiliki wa nyumba za ghorofani, na Sheria ya Mali za Sehemu ya 2020 inampa kila mmoja wao hati yake. Kwa mara ya kwanza kila mlango katika jengo refu la Eastlands unaweza kuwa na akaunti yake ya reti.

Unaweza kufuatilia mambo haya bila kumjua mtu City Hall. Makadirio ya bajeti lazima yafike katika bunge la kaunti kufikia Aprili 30 na kupitishwa kabla ya Juni kuisha, na katikati hapo kuna vikao vya umma katika kumbi za mitaa. Wengi huja na ombi la barabara. Njoo na ripoti ya Mdhibiti wa Bajeti, inayotolewa kila robo mwaka bila malipo. Fungua sehemu ya Nairobi, pita jedwali la miradi, nenda kwenye jedwali la bili ambazo hazijalipwa, uone ni ngapi zimevuka mwaka. Kisha muulize mwakilishi wadi wako barabara yenu itapangwa foleni mbele ya nani.